Shajara ya Mradi: Modeli ya HMS Mimi, Boti ya Doria ya Ziwa Tanganyika, kwa Kipimo cha 1:12

14 Januari 2024: Boti yenyewe na vipimo vyake

Hapa Kigoma kila mtoto anaijua MV Liemba, na wazee wengi wanaweza kukueleza kwamba zamani iliitwa Graf von Götzen na kwamba Wajerumani wenyewe waliizamisha mwezi Julai 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ili isiangukie mikononi mwa maadui. Zilizosahaulika ni boti mbili ndogo za doria zilizobadilisha vita vya ziwa hili, HMS Mimi na pacha wake HMS Toutou. Kila moja ilikuwa na urefu wa futi 40, yaani mita 12.2, na upana wa futi 8. Zilijengwa Uingereza na kampuni ya Thornycroft kwa mbao za mahogani, zikasukumwa na injini mbili za petroli zenye nguvu farasi 100 kila moja, zikabeba mzinga wa Hotchkiss wa ratili 3 kwenye omo, yaani sehemu ya mbele, na bombomu la Maxim kwenye tezi, yaani sehemu ya nyuma. Ziliondoka Uingereza melini mwezi Juni 1915, zikashushwa Cape Town, zikapandishwa reli hadi Fungurume katika Kongo ya Wabelgiji, zikakokotwa na mashine za mvuke kupita milima ya Mitumba, kisha zikateremka Mto Lualaba hadi kufikishwa ufuko wa magharibi wa ziwa, karibu na mji unaoitwa leo Kalemie, mwishoni mwa Oktoba.

Swali lililonisukuma kuanza kazi hii ni la uzito. Boti iliyotakiwa kukokotwa porini na kupandishwa milima ilipaswa kuwa nyepesi, na boti iliyotakiwa kupambana na meli za mvuke ilipaswa kubeba mzinga. Mambo hayo mawili hayapatani, na ninaamini kwamba namna boti hizo zilivyopigana ilitokana na kutopatana huko. Picha peke yake haiwezi kulijibu swali hilo, ila modeli inayoelea, inayokwenda na inayorusha inaweza.

Nimechagua kipimo cha 1:12, kinachotoa urefu wa sentimita 101.6 na upana wa sentimita 20.3. Anayetaka kuiga azingatie kwamba uzito haugawanywi kwa 12 mara moja. Hugawanywa kwa 12 mara tatu, kwa hiyo boti ya takriban tani 4.5 inakuwa modeli ya kilo 2.6. Kasi nayo hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha 12, ambacho ni 3.46, hivyo noti 19, au mita 9.8 kwa sekunde, zinakuwa mita 2.8 kwa sekunde. Wengi huigawa kasi kwa 12 na kupata modeli inayotambaa bila kuinua wimbi lolote kwenye omo, jambo linaloondoa kabisa sura ya boti ya kasi.

3 Februari 2024: Michoro na mataruma

Mistari ya umbo nimeichora kutoka kwenye picha za wakati ule, nikitumia urefu unaojulikana wa boti na kimo cha watu waliosimama kando yake. Mchoro wa kwanza ulishindwa kwa sababu picha iliyotumika ilipigwa kutoka upande wa mbele, na kila kilicho karibu na kamera kilionekana kikubwa kuliko kilivyo. Omo ikatoka ndefu na iliyoinuka kupita kiasi, huku tezi ikionekana kama imekatwa. Tiba yake ilikuwa kuacha picha za mshazari na kupima kutoka kwenye picha za ubavuni tu, zinazoonyesha boti ikiwa juu ya kitanda chake cha kukokotwa, kwa kuwa hapo mkuku wote, yaani uti wa chini wa boti, unaonekana kutoka omo hadi tezi bila kufichwa na maji.

Mataruma, yaani mbavu za boti, yamekatwa kwa plaiwudi ya milimita 4, mkuku kwa mninga, na vyote vimesimamishwa juu ya ubao mnyoofu vikiwa vimepinduliwa. Hatua hii ni ya kawaida na sina la kuongeza, isipokuwa kwamba mataruma mawili ya mbele yafanywe ya plaiwudi ya milimita 6, kwa sababu ndiyo yatakayobeba mzinga. Mbao, plaiwudi, misumari midogo na gundi ya mbao vimegharimu shilingi 68,000.

2 Machi 2024: Mbao zilizopasuka

Kwa kuwa boti halisi ilikuwa ya mahogani, nilinunua vipande vya mkangazi, mahogani ya kwetu, kutoka kwenye karakana ya samani, nikavichana kuwa fito za upana wa milimita 8 na unene wa milimita 1.5. Fito za katikati ya boti zilikaa vizuri. Zile za omo, zinazopaswa kupinda na kujisokota kwa wakati mmoja, zilionekana kukubali, lakini asubuhi iliyofuata kadhaa zilikuwa zimepasuka kwa urefu, na nyufa zote zilikuwa upande uliotazama nje.

Nilizipeleka kwa fundi mmoja wa mitumbwi wa Katonga, mzee aliyejenga vyombo vya uvuvi kwa miaka mingi. Baada ya kuniitikia shikamoo aliichukua fito moja nzima, akaigonga kwa kucha karibu na sikio, akaigeuza na kuigonga tena. "Mwanangu," akasema, "ubao huu umekauka upande mmoja. Ukiupinda leo utakutii, kesho utakupasukia." Akanionyesha nyuzi za ubao zilivyokuwa zinatoka pembeni badala ya kwenda sambamba na fito. Fito ya namna hiyo, alisema, haifai kwa omo hata ikilowekwa wiki nzima.

Tiba ilikuwa ya sehemu tatu. Kwanza, fito za omo zilichaguliwa upya, zile tu ambazo nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Pili, zililowekwa kwenye maji ya moto ndani ya bomba la plastiki lililozibwa upande mmoja, kisha zikafungwa juu ya mataruma bila gundi na kuachwa zikauke zikiwa tayari zimeshika umbo. Tatu, gundi ilitiwa baada ya hapo, fito moja upande wa kulia na moja upande wa kushoto kwa zamu, kwa sababu ukimaliza upande mmoja kwanza mkuku hujipinda. Ndani ya boti nimepaka epoksi na kulaza kitambaa chepesi cha faiba, na nje nimepaka epoksi tupu ili rangi ya mkangazi ionekane kabla ya kupakwa kijivu. Epoksi na kitambaa vimegharimu shilingi 110,000. Mtu anaweza kukiacha kitambaa akapunguza gharama, lakini sishauri, kwa kuwa jua la ufukweni huibana mbao kavu na kufungua maungio ndani ya siku moja.

6 Aprili 2024: Shafti, mota na joto

Mota mbili, vidhibiti mwendo viwili, betri ya lithiamu na rimoti vimeletwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, jumla shilingi 430,000 pamoja na nauli ya mzigo. Shafti mbili za chuma kisichoshika kutu na mirija yake ya shaba zimechongwa hapa mjini kwa shilingi 60,000. Pangaboi moja inazunguka kulia na nyingine kushoto, maana zikizunguka upande mmoja zote mbili, modeli huvutwa pembeni na usukani hulazimika kupinda muda wote.

Maji yaliingia kupitia mirija ya shafti katika jaribio la kwanza ndani ya beseni. Grisi ya kawaida ya magari iliyayusha muhuri mdogo wa mpira baada ya muda mfupi. Sasa kila mrija una tundu dogo juu yake, ndani ya boti, lililounganishwa na kimrija cha kupitishia grisi ya baharini kwa bomba la sindano kabla ya kila safari, na tangu hapo ngama, yaani sehemu ya chini ndani ya boti, imebaki kavu.

Joto lilikuwa tatizo kubwa zaidi. Boti halisi ilikuwa wazi sehemu kubwa ya juu, lakini modeli inahitaji sitaha iliyofungwa ili mawimbi yasiijaze, na ndani ya kisanduku hicho kilichofungwa, chini ya jua la saa sita, kidhibiti kimoja kiliungua. Kipya kimegharimu shilingi 35,000. Kutoboa matundu ya hewa kwenye sitaha hakukusaidia, kwa sababu hewa haikupita bila feni, na feni ingeongeza uzito juu, mahali pasipotakiwa. Kilichofaa ni bamba la aluminiamu la unene wa milimita 2 lililopachikwa kwenye sakafu ya boti, upande wake wa chini ukigusa maji ya ziwa, na vidhibiti vyote viwili vikakazwa juu yake kwa skrubu na pasta ya kupitisha joto. Sasa ukivigusa baada ya mwendo mrefu unahisi vuguvugu tu.

11 Mei 2024: Mzinga mzito kupita kiasi

Mzinga wa kwanza nilioutengeneza ulikuwa wa shaba tupu, umechongwa vizuri, na ulipendeza sana juu ya meza. Pamoja na tako lake, yaani mguu unaousimamisha sitahani, ulifikia gramu 410. Ulipowekwa mahali pake omo ilizama kwa zaidi ya sentimita 2, mstari wa maji ukapanda hadi ukingoni, na modeli ilipoanza kwenda ilichimba maji badala ya kupanda juu yake.

Hesabu ilionyesha sababu. Hotchkiss ya ratili 3, yenye mdomo wa milimita 47, huwa na uzito wa kilo 240 hivi bila tako, na kwa kipimo changu hizo ni gramu 139 tu. Mzinga mpya una mtutu wa bomba jembamba la shaba, kitasa cha aluminiamu, ngao ya bati la mkebe, na tako la mti lililopakwa rangi ya chuma, na wote kwa pamoja uko chini ya gramu 200. Betri, iliyokuwa katikati, imesogezwa nyuma kwa upana wa kiganja. Sikuongeza farumi yoyote, yaani uzito wa kusawazisha chombo, na ninasisitiza jambo hili kwa watakaoiga, kwa sababu kishawishi cha kuweka risasi tezini ili kuinua omo ni kikubwa, lakini kila gramu ya farumi huondolewa kwenye kasi, na boti hii bila kasi si kitu.

Hapa ndipo ilianza kunibainikia hali ya waliozitumia. Kilo 240 pamoja na tako, ngao, makombora na watu wa kuufyatua mzinga, zote mbele ya boti ya tani 4.5, ni mzigo unaohisiwa na usukani, na unaohisiwa zaidi pale boti inapoacha kwenda kasi na omo kushuka.

15 Juni 2024: Kasi

Nimepima kati ya nguzo mbili zilizosimikwa kwenye maji ya kina kifupi, umbali wa mita 20. Modeli ilitakiwa kupita kwa sekunde 7 na kidogo. Mwanzoni ilitumia karibu 10. Pangaboi za majani mawili zilikuwa zinavuta hewa kila tezi ilipoinuka, sauti ya mota ikapanda ghafla huku mwendo ukibaki pale pale. Nilizibadilisha kwa za majani matatu zenye kipenyo kidogo zaidi, na mirija ya shafti nikaiinamisha kidogo ili pangaboi zikae chini zaidi. Kasi sasa imefikia mita 2.7 kwa sekunde maji yakitulia, na wimbi la omo linafanana sana na lile la kwenye picha. Nimeridhika nayo.

20 Julai 2024: Jaribio la kurusha

Hili ndilo jaribio lililonifanya nianze mradi wote. Nilitaka kujua kinachoipata boti hii mzinga unapofyatuliwa ubavuni, ikilinganishwa na unapofyatuliwa mbele.

Kombora la ratili 3 lilikuwa na uzito wa karibu kilo 1.5 na liliondoka mdomoni kwa kasi inayokaribia mita 570 kwa sekunde. Ukiishusha nguvu hiyo ya msukumo kwa kipimo cha modeli, unapata sawa na kitu cha gramu 70 kinachorushwa kwa mita 2 kwa sekunde. Mzinga wa modeli hauwezi kubeba kitu kikubwa hivyo, kwa hiyo niliuondoa na mahali pake nikafunga bomba la plastiki lenye springi, likirusha kipande cha mti kinachoelea ili nikiokote baadaye. Yeyote atakayeiga asitumie chuma wala baruti. Kipande cha mti kinatosha kabisa, na pasiwe na mwogeleaji mbele yake.

Lilipofyatuliwa mara ya kwanza ubavuni, bomba lenyewe liling'oka. Skrubu zilikuwa zimeingia kwenye sitaha tu, nazo zikatoka na vipande vya plaiwudi. Haya yaliwahi kutokea kwa boti halisi. Katika majaribio ya Mto Thames mwezi Juni 1915 mzinga wa HMS Mimi ulilenga shabaha sawasawa, lakini haukuwa umefungwa barabara kwenye sitaha, ukatumbukia mtoni pamoja na mpigaji wake. Tiba yangu ni bamba la plaiwudi ya milimita 6 chini ya sitaha, lililogundishwa kwenye mataruma mawili mazito ya mbele, na boliti nne zinazopita hadi chini na kukazwa kwa nati. Sitaha sasa haibebi chochote, nguvu yote inakwenda kwenye mataruma na kutoka hapo hadi mkukuni.

Baada ya matengenezo hayo matokeo yalikuwa wazi. Ikifyatua mbele, modeli inatikisika kidogo na kuendelea na safari yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Ikifyatua ubavuni inalala kwa nyuzi 8 hivi, kwa kupima kwenye video, kisha inarudi na kulala upande wa pili, na inayumba hivyo mara kadhaa kabla ya kutulia. Nyuzi 8 haziipindui boti. Lakini mpigaji aliyesimama kwenye omo ya boti inayoyumba namna hiyo hawezi kulenga risasi ya pili, na mbao nyembamba za mahogani zinapokea pigo kwa mshazari, mahali ambapo hazikujengewa kulipokea.

Ndiyo maana boti hizi zilirusha zikielekeza omo kwa adui, na ndiyo maana zilimwendea kwa nyuma. Jumapili ya tarehe 26 Desemba 1915 Geoffrey Spicer-Simson, kamanda wa msafara, aliiacha meli ya Kijerumani Kingani ipite mbele ya kambi yake, kisha boti zake zikatoka na kuifukuza. Kingani ilikuwa na mzinga mmoja uliotazama mbele, na haikuweza kujibu bila kugeuka. Pambano lilikwisha kwa dakika 11, nahodha wake akiwa ameuawa na meli ikatekwa, ikapewa jina HMS Fifi na mzinga wa ratili 12 kwenye omo. Tarehe 9 Februari 1916 hali ilijirudia dhidi ya meli nyingine ya Kijerumani, Hedwig von Wissmann. Fifi ilikuwa nzito, na kila iliporusha mshindo uliipunguzia mwendo, hivyo HMS Mimi ikatangulia peke yake, ikawa inaipiga Hedwig tezini kutoka mbali. Hedwig ililazimika kugeuka ili ijibu, na kila ilipogeuka ilipoteza masafa, mpaka Fifi ikaifikia na kuizamisha. Nimesoma masimulizi hayo mara nyingi nikiyachukulia kama habari ya ujasiri, na ujasiri ulikuwepo. Lakini baada ya kuiona modeli ikiyumba, ninayasoma pia kama habari ya watu walioijua mipaka ya chombo chao na kupanga kila kitu kuizunguka.

17 Agosti 2024: Upepo wa kusi

Nimeipeleka modeli kwenye maji yaliyo wazi nje ya Kibirizi siku yenye upepo wa kusi. Mawimbi ya kimo cha sentimita 15 kwa modeli ni sawa na karibu mita 2 kwa boti halisi, na hayo si ya ajabu kwa ziwa hili. Ikienda kinyume na mawimbi kwa kasi kamili iliruka na kupiga tumbo, na maji yakaingia kwa mbele hadi kufunika mguu wa mzinga. Ikipunguza mwendo omo ilishuka na wimbi lililofuata likaingia zaidi. Mwendo uliofaa ulikuwa wa kati, na kwa mshazari.

Mfuniko wa sitaha ulivuja. Utepe wa sponji uliokuwa ukingoni ulikuwa unanyonya maji na kuyapitisha, kwa hiyo nimeubadilisha kwa mrija mwembamba wa silikoni uliolazwa kwenye mfereji, na mfuniko unakazwa kwa skrubu sita badala ya sumaku. Anayeanza sasa aanze na mrija huo moja kwa moja.

28 Septemba 2024: Kitanda cha kukokotea

Modeli imepakwa rangi na gharama yote imefikia shilingi 703,000. Kilichobaki ni kitanda chenye magurudumu, kwa sababu boti hii isipoonyeshwa juu ya kitanda chake nusu ya historia yake haionekani. Mamia ya vibarua wa Kiafrika walikata njia katika pori la Katanga na kujenga madaraja ili mashine za mvuke zipite, na maji yalipoadimika wanawake wa vijiji vya njiani waliyabeba vichwani ili mashine hizo zisizimike. Majina yao hayakuandikwa, na kwenye meza ya maonyesho nataka kitanda kiwe na nafasi sawa na boti.

Kitanda cha kwanza kimeshindwa. Viegemeo viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, viliuacha mkuku ukining'inia katikati, na baada ya siku chache mfuniko wa sitaha ukaacha kukaa sawasawa, ishara kwamba boti imeanza kupinda. Sasa ninakata viegemeo vinne vinavyofuata umbo la mataruma ya pili, ya tano, ya nane na ya kumi na moja, kila kimoja kikiwa na kipande cha turubai juu yake. Kabla ya kuigundisha turubai hiyo ioshwe na kukaushwa kwanza, maana turubai mpya husinyaa na kuvuta kiegemeo upande.